Kisima Huchimbwa Kiangazi

Mtu akikuambia kiangazi ni wakati wa kupumzika, mwulize kama amewahi kuchimba kisima. Mimi nilichimba kwa zaidi ya miaka ishirini, kati ya Bungoma na Kitale, na kila mwaka kazi yangu ilianza pale wengine walipoanza kutafuta kivuli. Mahindi yakishaingia ghalani, vumbi likianza kuingia hata kwenye chai, ndipo nilipotoa sululu chini ya kitanda. Naitwa Simiyu. Kwetu Wabukusu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa jua kali, kwa hiyo mama alipenda kunitania kwamba adhabu yangu iliandikwa kabla sijatambaa.

Sasa nyinyi vijana mnaokuja kuketi hapa kwangu Jumapili, nimewasikia. Ati jua limewamaliza. Ati ikifika saa saba kichwa kinakuwa kizito, kazi haisongi, bosi anasumbua. Siwacheki. Usingizi wa mchana wa Februari naujua kuliko nyinyi nyote, kwa sababu nusura uniulie mtu. Mtu huyo anaitwa Barasa, na habari yake nimeisimulia vibaya kwa miaka mingi. Leo nitaisimulia sawasawa, lakini msiniharakishe.

Kwanza mjue kwa nini tulichimba juani. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Rajabu, mtu mfupi, mkali, aliyeishi nyuma ya msikiti wa Bungoma mjini. Baba yake alikuja na reli kutoka sijui wapi, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Kisima cha mvua ni kisima cha uongo." Mvua zikinyesha maji hupanda karibu. Unachimba futi kumi na tano tu, unayapata, unaitwa fundi, unachinjiwa kuku. Jua likija maji yanashuka na kisima kinabaki shimo la takataka. Ukitaka kisima cha kweli, yafuate maji wakati yamejificha mbali kabisa, yaani Februari hadi Machi mwanzoni. Ukiyapata hapo, hayana tena pa kukimbilia.

Sikumwamini mpaka yaliponikuta ya soko la Misikhu. Nilikuwa nimejitoa kwake kidogo, najiona nimeiva, nikakubali kazi ya mtu mwenye hoteli pale sokoni mwezi wa sita. Siku nne tu, maji hayo. Nililishwa kuku mzima. Februari iliyofuata yule mtu alikuja Bungoma kwa baiskeli, akanikuta nina wageni, akatoa mfukoni chupa iliyojaa mchanga mkavu na kuiweka mezani katikati ya vikombe. "Fundi," akasema, "nimekuletea maji yako." Akaketi. Hakuondoka hadi nilipomwambia siku ya kurudi kumchimbia upya. Mzee Rajabu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe umeletewa mchanga tu, shukuru."

Basi kama kazi ni lazima ifanywe kwenye jua, lazima uwe na njia ya kuishi na jua. Mzee Rajabu hakuwa mtu wa kukuambia ujitie moyo. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulituudhi sana.

Tulianza kabla jua halijatoka na kuacha saa nne na nusu. Hatukurudi hadi saa tisa. Katikati hapo hakuna aliyeingia shimoni, hata mwenye shamba angepiga magoti. Mchana tulikunywa uji wa wimbi uliopoa na kula ndizi. Ugali ulikuwa wa jioni, kwa sababu ugali wa saa saba, alisema, hukulalia kichwani badala ya tumboni. Kamba aliifunga mafundo, fundo moja kila futi mbili, na kila asubuhi alishika fundo moja kati ya vidole na kutuambia, "Leo ni hili." Hakututajia futi sitini hata siku moja. Mtu akiziwaza futi sitini za mwamba katika joto lile anaweza kulia, lakini fundo moja linawezekana. Hilo ndilo ninalowaambia na nyinyi mnaolia ati kazi ni nyingi: shikeni fundo la leo.

Sheria nyingine ni kwamba mtu wa juu haketi. Tulikuwa watatu, mmoja chini na wawili juu, na mmoja wa hao wa juu alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliye chini, akiikaza kidogo ili aisikie mkononi. Mwisho wa kamba hiyo ulizungushwa kwenye gogo lililolazwa juu ya shimo, lenye mpini kila upande. "Wa chini ana sululu, hawezi kulala," Mzee Rajabu alisema. "Ninayemwogopa ni wewe wa juu. Huna kazi ila kungoja, na jua linapenda sana mtu anayengoja."

Halafu kulikuwa na majina. Hapo ndipo watu wapitao njiani walitucheka na kusema tunasoma orodha ya marehemu. Shimoni hewa ikiharibika, mtu hajui. Ukimwuliza "Uko sawa?" atajibu "Sawa" kwa mazoea tu, na baada ya hapo ataanguka. Kwa hiyo Mzee Rajabu alikataza neno sawa. Kila baada ya mapigo kumi ya nyundo mtu wa chini alitaja jina la mtu wa kwao, na wa juu akajibu "Yupo". Jina halirudiwi. Akirudia, akinyamaza, unavuta, hata kama anakutukana. Kwa Mbukusu hiyo si kazi, sisi jamaa wa kuhesabu hawaishi. Mzee Rajabu mwenyewe ndiye aliyepata taabu. Akishamaliza watu wake wachache alianza kutaja shemeji, kisha majirani, na siku moja akamtaja mpaka mwenye duka la mkabala na msikiti, akidai ameshakula kwake mara nyingi kwa hiyo ni ndugu.

Macho yake yalipoharibika, kazi ikabaki kwangu. Nikamchukua Barasa, jirani yangu Bungoma, mtu mrefu mwenye maneno mengi na mikono ya ajabu kwa mwamba. Ndipo tukapata kazi ya Mama Njeri.

Mama Njeri alikuwa mjane. Watu wake walitoka Nyeri zamani wakanunua shamba upande wa Kitale, kwenye barabara ya Suam, na alikuwa na ng'ombe saba wa maziwa. Maji aliyachota mtoni kwa punda. Mwaka ule mto ulikuwa umebaki tope lenye dimbwi katikati, na ng'ombe mmoja alikuwa ameshavunjika mguu humo. Ulikuwa mwaka wa mwanzomwanzo wa simu za mkononi. Kule shambani ya kwake ilishika mtandao juu ya tangi la zizi tu, kwa hiyo akitaka kupiga simu alipanda ngazi. Kila asubuhi alikuja ukingoni, akachungulia, akauliza swali moja.

"Simiyu, hii shimo itatoa maji ama itatoa vumbi tu?"

"Itatoa, mama."

"Mvua ikikukuta hujafika, mwaka ujao nitakuwa hapahapa na punda. Hiyo ujue."

Nilijua. Tulikuwa futi hamsini na mbili, ndani ya mwamba, na maji yalikuwa yameanza kuchuruzika kidogo. Hayo yalikuwa maji ya kwanza, ambayo hayatoshi hata mbuzi, lakini yalijaa magotini kila asubuhi na kutulazimu kuyatoa kwa ndoo mpaka saa nne. Saa zetu za baridi zote zikawa zinaishia kwenye kuteka. Siku nane tulisonga futi mbili. Mawingu yakaanza kusimama juu ya Mlima Elgon kila alasiri.

Mama Njeri akaazima kwa jirani pampu ndogo ya petroli. Ukiiweka juu haikuweza kuvuta kutoka kina kile, ikanguruma bure. Nikafanya nilichoona ni ufundi mkubwa: nikashuka, nikapigilia mbao nusu ya upana wa shimo, kwenye futi kama arobaini, tukaishusha pampu kwa kamba na kuiwasha hukohuko ndani. Ilifanya kazi vizuri. Ilipofika saa sita na nusu shimo lilikuwa kavu, mwamba unang'aa. Tukaizima na kuivuta juu. Mbao nikaziacha.

Sasa hesabu yangu ilikuwa hivi. Tukingoja saa tisa, maji yatakuwa yamerudi. Tukiingia sasa, tutapata zaidi ya saa mbili za kupiga mwamba mkavu. Mwenzetu wa tatu nilikuwa nimemtuma Kitale mjini kunolesha tindo. Mama Njeri alikuwa ametuletea ugali na maharagwe, moto moto, na kwa furaha ya shimo kavu nilikuwa nimekula wa watu wawili.

"Saa hii, bana?" Barasa akauliza. "Mzee angesema nini?"

"Mzee yuko Bungoma," nikamjibu.

Sikuwa mjinga kabisa. Niliteremsha koroboi iliyowashwa mpaka chini, kama tulivyofundishwa, kwa sababu hewa mbaya huzima taa. Ikawaka vizuri, mwali umesimama wima. Nikamwonyesha Barasa. Akafunga kamba kiunoni, akashuka kwa vidato tulivyochonga ukutani, na baada ya kitambo nikasikia nyundo.

"Wanyonyi."

"Yupo."

"Nekesa."

"Yupo."

Upepo ulikuwa umekufa. Udongo tuliotoa shimoni ulirudisha joto usoni kama jiko. Nilisimama, nikaegemea gogo. Baadaye nikaona hakuna ubaya nikiketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mradi kamba iko mkononi. Ndiyo, niliketi. Nakumbuka jina la Makokha, babu yake Barasa, na nakumbuka nikijibu. La baada ya hapo silikumbuka.

Kilichoniamsha ni sauti ya Mama Njeri. Alikuwa amekuja na chupa ya chai, amesimama juu yangu.

"Mbona huyu anaita Nanjala tu?"

Nikasikiliza. Nyundo ilikuwa imenyamaza. Kutoka chini ilikuja sauti ya mtu aliyelewa, ikivuta neno moja. "Nanjala. Nanjala." Nanjala ni mama yake mzazi. Kisha ikanyamaza nayo.

Nilivuta kamba, ikaja nzito. Nilimwita, kimya. Hapo nikafanya kosa ambalo hujaza makaburi ya wachimba visima: nikaushika ukingo na kutia mguu kwenye kidato cha kwanza. Mama Njeri alinishika ukosi wa shati kwa mikono yote miwili. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, na sikuweza kusogea.

"Ukiingia, mimi nitavuta watu wawili na mkono gani?" akasema. "Toka. Shika hiyo mti."

Nikatoka. Akashika mpini mmoja, mimi mwingine, tukazungusha. Gogo lililia. Barasa alipanda futi kumi hivi, halafu kamba ikasimama kabisa. Nikachungulia. Alikuwa amening'inia kichwa kimeanguka kifuani, na bega lake limenasa chini ya zile mbao zangu.

Vijana, nimewahi kuogopa, lakini si hivyo. Tukivuta kwa nguvu, fundo la kiunoni lingeweza kufunguka. Tukimwacha, angeendelea kuivuta hewa ileile iliyomwangusha.

"Mama, unaweza kumshika peke yako?"

Alipitisha mkono mzima juu ya mpini, akaulalia kwa kifua. Nikalala kifudifudi ukingoni, nikaikamata kamba kwa chini kadiri nilivyofika, nikaisukuma upande wa pili wa shimo. Tukamteremsha kidogo, tukavuta. Akanasa. Tukamteremsha tena. Nilimsikia Mama Njeri akisali kwa Kikuyu, sauti inatetemeka kwa uzito. Mara ya tatu kamba ilipita, na Barasa akaja juu akizunguka polepole.

Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri mno, nyekundu, ndiyo maana nilidhani hana neno. Lakini alikuwa anakoroma badala ya kupumua. Tukamburuta hadi penye upepo, nikamfungua kamba, nikammwagia maji, nikamwita kwa majina yake yote. Pikapu ya maziwa ya jirani ilitufikisha hospitali Kitale. Akawekewa hewa ya mtungi. Daktari aliniuliza tulikuwa tunafanya nini, na nilipomwambia habari ya pampu na koroboi alitikisa kichwa.

"Moshi wa injini hauzimi taa," akasema. "Unazima mtu."

Hilo mlishike, hata wale ambao hamtachimba kisima maisha yenu yote. Koroboi ilikuwa kipimo cha hewa mbaya ya zamani, ile ya shimo lenyewe. Mimi nilikuwa nimeingiza hatari mpya na kuipima kwa kipimo cha kale, nikaridhika.

Barasa alifungua macho kesho yake asubuhi. Mama yake, Nanjala mwenyewe, alikuwa amefika kutoka Bungoma, na kila mtu wodini alikuwa ananiuliza, "Ulijuaje?" Nikasema, "Nilimsikia anarudia jina, nikavuta." Yule mama akanishika mikono, akaniita mwanawe. Mama Njeri alikuwa amesimama palepale mlangoni. Alinitazama muda mrefu, na hakusema kitu. Niliona aibu iliyonichoma, na bado sikufungua mdomo.

Nilipomweleza Mzee Rajabu alinifokea mpaka majirani wakatoka. "Injini inakula hewa kama mtu," akasema, "na inajisaidia palepale. Wewe unamwingiza mwenzako chooni kwake ati kuna usafi?" Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimesimama. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, lakini aliyaelekeza kwangu. Nikamwambia nilikuwa nimesimama. Alifariki mwaka uliofuata nikiwa bado sijamwambia kweli.

Mvua zilikuja wiki mbili baada ya ajali. Tulifunika shimo kwa mabati. Januari iliyofuata Mama Njeri alikuwa bado mtoni na punda, kama alivyosema. Barasa alikaa miezi akiumwa kichwa na kusahau vitu vidogo, kama alikoweka viatu. Sikutarajia anitembelee tena kwa habari ya kazi. Lakini alikuja, akaketi, akanywa chai yote.

"Twende tummalizie yule mama kisima," akasema. "Lakini mwaka huu utashuka wewe."

Nilishuka. Tulianza kabla ya jua na kutoka saa nne na nusu, na maji ya kwanza tuliyatoa kwa ndoo, hata kama yalikula asubuhi nzima. Ilituchukua siku thelathini na moja. Futi sitini na nne, tindo ilipenya kwenye ufa, na maji yakanijia kwa nguvu kwenye vifundo vya miguu, baridi, yenye ladha ya jiwe. Nilipanda juu nikitetemeka. Mama Njeri alikuwa amekwenda kuwaita majirani. Barasa alinifungua kamba, akanipa shati, tukaketi kwenye lundo la udongo.

Akasema, bila kunitazama, "Siku ile ulikuwa umelala, si ndiyo?"

Ningeweza kukana. Nilikuwa nimeshakana kwa watu wengi, nimezoea.

"Nilikuwa nimelala," nikasema. "Mama Njeri ndiye aliyekusikia."

"Nilijua. Kamba ilinilalia begani, imelegea. Nikasema, huyu amelala. Nikajaribu kuivuta nikuamshe, mkono ukakataa."

Nilitaka kuomba msamaha na maneno hayakutoka vizuri. Nikamwuliza jinsi alivyoweza kurudi kufanya kazi na mimi, hali anajua.

"Nimerudi kushika kamba yako," Barasa akasema. "Sijasema nitashuka ukiishika wewe."

Tulifanya kazi pamoja miaka sita baada ya hapo, Kitale, Webuye, Bungoma, kila kiangazi. Hakunitukana, hakunisema kwa watu, na mtoto wake wa mwisho alimpa jina langu. Shimoni hakushuka tena. Nilishuka mimi, kila kisima, mpaka magoti yakakataa.